Kanga Nyekundu Kando ya Reli

Jumatatu, 2 Juni 1975

Mrisho amepewa kichwa cha treni. Mwanangu. Kile cha dizeli, kirefu, cha kuvuta mizigo. Na si msaidizi tena. Dreva.

Haya, salamu sasa. Nimeamka salama. Mgongo unauma kidogo, kuni zimekwisha. Nimechota maji nikayamwaga kwa haraka, nikachota tena. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alisema tuandike kila siku, mkono usije ukasahau. Leo mkono haukungoja kukumbushwa.

Habari ameileta mwenzake aliyeshuka na treni ya asubuhi. Jumamosi Mrisho atatoka Shinyanga na mabehewa ya pamba, aingie hapa Tabora mchana. Bado anajaribiwa. Safari hizi za mwanzo zikienda vizuri, atathibitishwa.

Nimempasha Mama Siwema jirani kabla hajaniambia karibu. Mwanawe ni karani wa ushirika, na tangu apate hiyo kazi mimi sijapumua kwa majivuno yake. Nikamwambia, wako anaandika pamba kwenye karatasi, wangu anaivuta.

Mzee Rama, mume wangu, aliendesha vichwa vya mvuke mpaka akastaafu. Nilipomwambia alisema, "Hm." Akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Imeniuma.

Jumanne, 3 Juni

Baada ya alasiri wazee wa reli wamekuja barazani kama kawaida. Mzee Maganga, ambaye maisha yake yote alipandisha na kushusha ile mikono ya chuma ya ishara pale stesheni. Na Bwana Petro, gadi mstaafu wa behewa la nyuma, Mgogo wa Dodoma, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Wazee wa nyumba nyingine huzungumza mashamba. Hawa wetu ni breki na ishara tu, mpaka kahawa ipoe.

Bwana Petro anaipenda dizeli. Anasema haisimami kila stesheni kunywa maji kama punda, na kimoja chake kinavuta mzigo uliovitoa jasho vichwa viwili vya mvuke. Mzee Maganga ana huzuni. Amesikia kwamba huko mbele mikono ya ishara itang'olewa, ziwekwe taa za rangi. Treni ikishapita, taa ya nyuma yake inageuka nyekundu yenyewe, bila mtu.

Mzee Rama akauliza nani anaiambia taa.

"Reli yenyewe."

"Reli yetu hii? Wakilala ng'ombe wawili juu yake itasema ni treni ya Kigoma."

Wakacheka mpaka Bwana Petro akapaliwa na kashata. Ndipo akaleta habari ya kikanyagio. Kwenye dizeli dreva anakanyaga kitu kwa mguu safari nzima. Akiinua mguu, treni inajifunga breki. Labda amezimia, labda amekufa.

Mzee Rama alichukia. "Kichwa gani hicho kinamuuliza dreva kila mara kama yu hai? Changu kiliniamini."

"Kilikuamini kwa sababu mchochea moto wako alikuwa macho," akasema mtani.

Nilicheka. Mzee Rama akanitazama, nikaenda kuongeza maji kwenye birika.

Mzee Maganga alisema jambo moja, naliandika. Kwamba kwenye mvuke ulitoa kichwa dirishani ukaona watu. Huyu fulani, yule fulani. Kwenye dizeli una mzigo wa kutisha mgongoni, na kusimama kwenyewe ni kazi. Huoni watu. Unaona rangi.

Sikulitilia maanani. Nilikuwa nawaza mchele utatosha.

Alhamisi, 5 Juni

Mchele utatosha. Mama Siwema ameleta nazi. Alileta kwa midomo iliyobana, lakini ameleta.

Nimewaalika akina mama wa mtaa wote. Tutasimama nyuma ya nyumba, pale kwenye kona ambapo reli inapita karibu na mihogo yangu. Ndipo nilipokuwa nikisimama enzi za Mzee Rama. Sisi wake wa madreva tulikuwa na desturi yetu. Kila mume alikuwa na mlio wake wa filimbi. Wa kwangu ulikuwa mrefu, mfupi, mfupi. Ukilia, natoka uani na kaniki yangu nyeusi ya kushindia, napunga, naye anainua kofia. Halafu narudi kubandika wali. Akifika nyumbani anakuta umeiva. Wengine walipima muda kwa saa. Mimi nilipima kwa sufuria.

Mrisho alikua mgongoni mwangu akipungia na yeye.

Kaniki nimeistaafisha. Nitavaa doti aliyoninunulia kwa mshahara wake wa kwanza wa usaidizi. Nyekundu, imeandikwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haijaguswa na sabuni.

Mzee Rama nimemwuliza kama atakuja konani. Amesema ana kazi ya mpini. Mpini gani huo usiokwisha.

Jumamosi, 7 Juni

Siandiki. Pilau nimegawa, sikuonja. Laiti ningevaa kaniki.

Jumapili, 8 Juni

Naandika, maana nisipoandika litanikaa kifuani.

Tulikuwa wanawake wengi konani. Nilitangulia mbele nionekane. Honi ikalia mbali: mrefu, mfupi, mfupi. Mlio wa baba yake. Damu ikanichemka. Nikavua upande mmoja wa kanga nikaupunga juu kwa mikono miwili, nikiruka kama msichana. Kichwa kikatokea, kirefu, kinang'aa. Nikazidi kupunga.

Kikaanza kupiga kelele. Chuma juu ya chuma, cheche chini ya magurudumu, mabehewa yakigongana moja baada ya jingine mpaka nyuma kusikoonekana. Treni nzima ikasimama, kichwa mbele ya mihogo yangu.

Hapo ndipo nilipoona nilichokishika mkononi.

Mke wa dreva, mama wa dreva. Kitu chekundu kinachopungwa kando ya reli ni hatari, simama kwanza, uliza baadaye. Mrisho alijifunza hilo jikoni kwangu kabla hajajua kuhesabu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimkaririsha.

Alichungulia dirishani. Uso wake sitausahau. Msaidizi akashuka kutazama njia, gadi akaja mbio kutoka nyuma. Mrisho akawaambia njia haina kitu, tuondoke. Lakini pale ni mlimani na mzigo ni mzito. Alipovuta, kiungio cha mabehewa kikakatika katikati, nusu ya pamba ikabaki nyuma. Wakahangaika mpaka jua linazama. Na njia ni moja. Dreva huingia akiwa na kile kijiti cha chuma anachopewa stesheni, na bila kijiti hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kuingia. Kijiti alikuwa nacho Mrisho. Abiria wa Mwanza wakakaa stesheni wakitukana, watoto wanalia.

Akina mama waliondoka mmoja mmoja. Mama Siwema alibaki. Alinifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtoto. Afadhali angenicheka.

Jumanne, 10 Juni

Mrisho ameondolewa kwenye kichwa. Yuko karakana, anafuta vioo vya vichwa vya wenzake. Ofisa wa reli anataka maelezo. Mrisho amemwambia aliona nyekundu inapungwa na mwanamke kando ya njia. Mwanamke gani? Amejibu hakuweza kumtambua.

Msaidizi wake alikuwa upande wa pili, hakuona; aliposhuka nilikuwa nimeshaishusha kanga. Gadi alikuwa nyuma kabisa. Ofisa anasema huenda hakukuwa na nyekundu yoyote. Huenda kijana alifunga breki vibaya, akakata kiungio, akatafuta mwanamke wa kumsingizia. Ikithibitika hivyo, udreva basi. Shauri litaamuliwa Alhamisi.

Jioni amekuja kula. Baba yake akamwuliza neno moja tu.

"Ulimjua?"

"Nilimjua tangu mbali, Baba. Nikaona na rangi."

"Mimi ningepita."

Bwana Petro alikuwepo, na utani hauna adabu. "Ungepita, mzee. Ndiyo maana wewe walikuachia mvuke." Halafu akanigeukia. "Nyinyi Wanyamwezi bwana. Misafara ya babu zenu ilisimamishwa Ugogo, tukala hongo ya njia. Leo mnajisimamisha wenyewe, na hongo hakuna aliyekula."

Mzee Rama akainuka akaingia ndani.

Nimemwambia Mrisho nitakwenda kwa ofisa. Amekataa. Amesema wataniweka ndani kwa kusimamisha treni, na yeye hawezi kuendesha treni juu ya mgongo wa mama yake. Amesema hivyohivyo. Kisha akala wali wote, mwanangu, hata ukoko.

Jumatano, 11 Juni

Naogopa. Naogopa kituo cha polisi. Na naogopa zaidi sokoni. Nimemtangaza kwa mdomo wangu kuanzia Kitete mpaka Ng'ambo, sasa kwa mdomo huohuo nikaseme ni mimi niliyemharibia. Nimekaa na kanga mapajani asubuhi yote. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeshaitia moto.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda.

Niliitia kanga kwenye kikapu, juu nikaweka mchicha, kama naenda sokoni. Kufika mlangoni namkuta Mzee Rama amevaa kofia yake ya kazi, ile ya zamani. Sikujua kama bado anayo. Hakuniuliza naenda wapi. Tulitembea pamoja mpaka stesheni.

Ofisa ni kijana wa Dar es Salaam, miwani, shati limenyooshwa. Aliniamkia shikamoo, hilo namsifia. Mrisho alisimama kando. Aliponiona aliinamisha kichwa.

Nikatoa mchicha, nikatoa kanga, nikasema, mwanamke ni mimi.

Ofisa akatazama kanga, akamtazama Mrisho. Akaniuliza kama naijua sheria ya kitu chekundu kando ya reli.

"Baba, hiyo sheria nimelala nayo kitanda kimoja tangu nilipoolewa."

Karani wake akajifanya anakohoa. Nikaeleza yote, filimbi, kaniki, wali. Nikaeleza na majivuno yangu, kwamba nilitaka mtaa wote uone. Sauti ilinitoka ndogo. Nikasema kama ni kuwekwa ndani, mchicha huu apewe Mama Siwema kabla haujanyauka.

Ofisa akamgeukia Mzee Rama. Alimjua kwa jina. Akamwuliza, kama dreva wa zamani, yeye angefanyaje.

Mzee Rama akavua kofia. "Ningepita. Ningemjua mke wangu, ningecheka, ningepita. Na siku nyingine angesimama pale mtu mwingine, daraja limekatika kweli, nami nimeshazoea kupita." Akamwelekezea Mrisho kofia. "Huyu alimjua mama yake na bado akasimama. Huyu ni dreva kuliko mimi."

Miaka yote niliyokaa na mtu huyu sijamsikia akisema hivyo juu ya mtu yeyote. Mrisho alikuwa anatazama dirishani.

Ofisa amesema majibu ni Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Amerudishiwa kichwa. Na wamemthibitisha.

Kuhusu kiungio, mafundi wamesema kilikuwa na ufa wa siku nyingi. Mimi nimepewa onyo. Kanga hiyo nivae arusini, nivae sokoni, nivae popote duniani. Kando ya reli, hapana. Ofisa amesema akiniona nayo pale tena hatanisalimia.

Mzee Maganga aliposikia alisema taa za rangi zije tu sasa, maana yupo anayeziheshimu. Bwana Petro anadai mbuzi wa hongo. Anasema msafara ulisimama na haki yake ameingoja wiki nzima. Nimemwambia atapata jogoo.

Mimi nilipita kwa Mama Siwema kumweleza. Nilikusudia kusema machache. Nilisema mengi. Ndivyo nilivyo.

Jumatano, 18 Juni

Vumbi, upepo wa kipupwe. Nimepalilia mihogo asubuhi.

Mrisho alimpeleka baba yake karakana, akampandisha juu. Amenisimulia Mrisho, maana mwenyewe hasimulii. Mzee alikaa kwenye kiti cha dreva, akaweka mguu kwenye kile kikanyagio, akakaa hivyo muda mrefu kichwa kimezimwa. Halafu akasema, "Kinauliza kwa adabu."

Mchana treni ya pamba imepita. Nilisikia honi nikiwa jikoni. Mrefu, mfupi, mfupi. Nilitoka mpaka kwenye mihogo na kaniki yangu. Sikupunga chochote. Nilisimama, mikono kifuani, na Mzee Rama kando yangu. Kilipita kichwa, kirefu, na mabehewa yakapita mpaka nikachoka kutazama. Mrisho aliinua kofia. Baba yake akainua yake.

Nikarudi ndani kubandika wali.

Karamu ya kuthibitishwa kwa Mrisho nimeshawaambia wote. Mama Siwema analeta nazi, Mzee Maganga analeta asali ya Sikonge, mtani analeta tumbo lake. Ofisa naye nimemwalika, amesema atakuja. Nyekundu yangu nimeifua, ipo sandukuni, nitaivaa humohumo ndani ya ua. Mrisho hana zamu siku hiyo. Waje wote Jumapili, tarehe ishirini na mbili, baada ya adhuhuri.