Kitenge Kwenye Uwanja wa Barafu

Jumamosi. Hapa Buffalo, Marekani, ni theluji tupu, na mimi nina hasira, aibu na kicheko, vyote kwa pamoja.

Binti yangu Rehema ni kipa wa hoki ya barafuni. Ndiyo, mtoto wa milima ya Kivu Kusini! Timu yake ya wasichana iko kwenye mashindano na timu za kutoka nje, na leo ilikuwa zamu ya Wafini, wasichana wa Finland. Wiki nzima alinisihi kwa Kiingereza chake: njooni, lakini please, hakuna vigelegele, hakuna mambo ya kanisani. Mkinitia aibu, mechi ya Jumapili mtabaki nyumbani.

Nikaapa. Nikaapa hata kwa niaba ya dada zangu, donc, yaani, hapo ndipo nilipojimaliza.

Dada yangu mkubwa, Mama Furaha, ametoka Louisville kwa gari, akampitia mdogo wetu Bora kule Columbus. Wamekuja na sambusa, mablanketi na sauti zao. Sote watatu tulifunga vitenge juu ya suruali za baridi, tukaingia uwanjani.

Mwanzoni walijikaza kweli. Rehema amevaa magodoro mwili mzima, na wale wasichana wanamrushia kile kidude cheusi wanachochezea badala ya mpira, bila huruma. Kila akikidaka, Bora ananifinya paja badala ya kupiga kelele. Hadi sasa nina alama.

Tulifungwa. Mara nyingi, tuseme hivyo. Mchezo ulipoisha mtoto akabaki amepiga magoti golini, kichwa chini.

Nikageuka. Kiti cha Mama Furaha kitupu.

Bon. Nilimkuta chini, kwenye njia ya wachezaji kwenda kubadilisha nguo. Amefungua kitenge chake kipya, cha harusi, anakitandika sakafuni kama tunavyowatandikia maharusi. Bora naye anafungua chake.

"Dada, toa hiyo! Wameshindwa!"

"Wenye kushinda wako na furaha yao," akanijibu. "Huyu wetu ako na nini?"

Vigelegele vikapasuka. Rehema akasimama mlangoni, jasho linamtiririka, anatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu akapita. Viatu vyake vya visu vikachana kitenge, krrr, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenzake wakafuata, na Wafini nyuma yao, wanacheka, wanapiga picha. Kitenge cha harusi kimebaki matambara ya kudekia. Mama Furaha alipiga vigelegele huku analia, sijui alimlilia mtoto au kitenge.

Tukaondoka kurudi West Side, mtaani kwetu. Njiani nikamwomba Rehema msamaha kwa ajili ya dada zangu. Nikaongeza, kwa majivuno kidogo: mimi lakini nilitunza ahadi, umeona?

"Niliona," akasema. Kwa Kiswahili! Mtoto ambaye hata chumvi anaiomba kwa Kiingereza. "Ma tante wote wawili walitandika. Juu ya nini wewe kitenge yako ilibakia kiunoni?"

Nikakitazama: kizima, bila hata doa.

Kesho asubuhi wanacheza na Kanada, na tumeruhusiwa kuja. Nimeshafungua sanduku la vitenge. Mama Furaha, mwenye uchungu wa kitenge chake, ananishauri nichukue cha zamani.

Nimechukua cha zamani. Kile cha kijani, nilichombebea Rehema mgongoni.

Acha akichane.