Dole Gumba la Mzee Magesa

Makoko, Jumanne 14 Julai 1992

Kumbe jina la mtu unaweza kulikata kwa rula, lakini dole gumba halikatiki.

Leo Mzee Magesa, mshona nyavu wa Mwigobero, alinifuata nyumbani. Anataka kutoka kwenye orodha yangu ya wanachama wa chama kipya, alikoweka dole gumba kwa kuwa hajui kusaini. Balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama tawala, amegoma kumwandikia bintiye barua ya kwenda sekondari mpaka baba "ajirekebishe".

Nilipiga mstari ulionyooka juu ya jina lake. Akacheka. "Karani, umekata jina. Na hilo dole je? Lina kovu la ndoano, watu wanalijuaga."

Nikamwambia nyuma ya karatasi hiyohiyo kuna wengine sita, na sheria sasa inaruhusu vyama vingi.

"Sheria iko Dar. Balozi tunachota naye maji."

Nikaichana ile karatasi. Akaitia mwenyewe kwenye jiko langu, akaondoka bila kukaa, yeye ambaye hakupitaga hapa bila kunywa chai.

Hao sita itabidi niwafuate upya. Sijui nani atakubali mara ya pili.

Nimefungua ukurasa mpya. Namba moja nimejiandika mwenyewe. Kusaini najua, lakini nimeweka na dole.