Uzi wa Bega la Babu Yako

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Kanisa,
Gozo.
3 Julai 1984

Mpendwa mjukuu wangu Wistin,

Oktoba! Umekosa mwezi wa kuja nyumbani mpaka uchague Oktoba? Eti Agosti kuna joto. Babu yako alibeba sanamu ya Bikira Maria begani katika joto hilohilo mpaka mvi zikamjaa, na hakuyeyuka.

Haya, hujambo huko Melbourne? Mkeo Rita je, kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, magoti tu yananisumbua.

Sikukuu ya Bikira ya Agosti mwaka huu utaionea wivu. Mapazia mekundu yameshatundikwa mtaa mzima, bendi inapuliza kila jioni hadi mbwa wamechoka kubweka, na mafundi wa fataki wake zao wamewasahau sura. Wale wa parokia ya ng'ambo ya bonde wana fataki. Sisi tuna ngurumo.

Ila nafasi ya babu yako chini ya sanamu i wazi tangu tumzike. Mwaka huu Bikira anatakiwa ageuzwe mlangoni petu amuage Nenu wangu, kama anavyomuaga kila mbebaji aliyefariki. Ni mara moja tu. Na asipokuwepo mtu wa nyumba hii chini yake, anapita moja kwa moja.

Baba yako mdogo Gamri alijaribiwa kwenye mazoezi. Mrefu kama mnara! Upande wake ukapanda, magunia ya mchanga yanayobebwa badala ya sanamu yote yakamwangukia padre.

Hapo jirani yetu Salvu akaja kunibembeleza. "Bi Marjanna, nipe mimi nafasi ya Nenu, usihangaike."

Nikamwambia, "Wewe Salvu, bega lako ni la kuegemea kaunta ya baa."

Lakini mkuu wa wabebaji kasema, Agosti ikiingia hujafika, Salvu anaingia. Mimi nisimame mlangoni nimwangalie Bikira akinipa kisogo? Thubutu!

Shangazi yako Dolor anakusalimu. Gamri pia, ingawa amenuna. Mbusu Rita. Bikira akufunike kwa joho lake hata huko uliko.

Humu kwenye bahasha kuna uzi. Nimeupima kanisani, mlangoni pa sakristia, pale kila mbebaji anapochorwa alama ya kimo cha bega, toka sakafuni hadi kwenye alama ya babu yako. Vua viatu, simama ukutani, jipime. Ukipungua kidogo nitakushonea mto wa begani. Ukilingana naye, funga mizigo uje.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Marjanna