Mwizi Anayenigeuzia Gari

Mpendwa mshauri Mama Bitutu, mimi ninayekuandikia kuomba msaada si mtu wa kutafutwa, wewe ukishuka Kisii mjini sema tu unataka kwenda kwa Ongeri wa Magari, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono mpaka Kiogoro, kwa sababu habari ya magari katika Kisii na Nyamira, ukiniondoa mimi, hakuna kitu inabaki isipokuwa barabara. Shule nilifika darasa la sita, lakini ni la sita la zamani, ambalo ni kama chuo cha sasa.

Mimi nafuga magari ya zamani vile wengine wanafuga ng'ombe wa gredi. Nina Landrova ambayo iliwahi kupanda mlima wa Manga bila tone la mafuta, ilipanda kwa hasira tu, nina Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ambayo ilivuka mto Gucha wakati wa masika samaki wakiipisha, nina Datsun iliyobeba jiwe la Tabaka, lile laini la kuchonga vinyago, kubwa kama nyumba ya mwalimu, na hizo tatu kwa sasa ziko juu ya mawe zinangoja vipuri, lakini mfalme wao ni Peugeot 404 nyeupe, huku tunaiita Pijo, gia yake iko pale kwa usukani, injini yake ukiiwasha asubuhi hata mchungaji anatoa kofia. Hiyo ndiyo naendesha, na hiyo ndiyo imeniletea maneno.

Kwanza nikueleze banda langu, maana bila hilo hutaelewa. Nililijenga bila ukuta wa mbele wala wa nyuma, gari inaingia huku inatokea kule, inazunguka migomba na kurudi barabarani bila shida, na watu walinisifu sana wakauliza, Ongeri, huu mtindo umetoa wapi, nikawaambia Ulaya. Sasa mvua ya mwaka huu ikaporomosha udongo wote wa ukingo wa shamba la jirani yangu Thadeus, ukashuka pamoja na migomba yake ukasimama nyuma ya banda kama mlima mpya, mlango mmoja ukafa. Kutoka siku hiyo naingiza Pijo ikiangalia udongo, na nikitaka kutoka naita vijana wa boda pale njia panda wanaisukuma kinyumenyume, nawaambia gari ya heshima haitolewi kwa kelele ya injini, inatolewa kwa mikono kama mzee anavyoshikwa akishuka ngazi. Wao wanasukuma, mimi nashika usukani na kutoa amri.

Basi siku moja nikaenda Nyacheki kumwona dada yangu Phanice, nilienda kwa pikipiki kwa sababu sikutaka kusumbua vijana, na niliporudi mchana na kuingia boma nikasimama. Mama Bitutu, Pijo ilikuwa inaniangalia. Niliiacha imenipa mgongo, na sasa taa zake mbili ziko kwangu, kama mgeni aliyefika nyumbani kabla ya mwenyeji. Nikazunguka. Hakuna kitu kimeibiwa, taa ziko, gurudumu la akiba liko, hata redio iko, na kioo cha mbele kimefutwa vizuri kuliko ninavyofuta mimi. Yale mawe mawili ya Tabaka ninayotumia kuzuia gurudumu yamehamishwa yakawekwa upande unaofaa, kwa adabu, na unga wao mweupe uko kwa tairi.

Nikadhani ni mara moja. Nikaiendesha, nikairudisha ndani ikiangalia udongo. Sasa sikiliza maajabu, nikisema wakati wa chakula kwamba kesho nina safari ya Nyamira, hiyo kesho nikienda kukamua na kupeleka maziwa, nikirudi gari imegeuka, iko tayari, kazi yangu ni kuwasha na kwenda. Nisiposema safari, haigeuki. Ni mwizi gani huyu anayejua ratiba yangu na haibi kitu?

Mimi si mtu wa kuogopa, nikaanza uchunguzi kama polisi. Nikakuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele mpaka tumbo langu likagusa usukani, kwa hivyo mwizi ni mfupi. Nikakuta chini ya pedali majani mawili ya chai na chipukizi lake, mabichi, kwa hivyo mwizi anachuma chai, lakini huku kwetu nani hachumi? Ufunguo unakaa kwa msumari ndani ya jikoni, na uko palepale, haujaguswa. Nikachukua unga wa mawe ya Tabaka nikamwaga mbele ya banda, na siku iliyofuata nikapata nyayo safi kabisa za gambuti, vile viatu virefu vya mpira, nikazipima, na Mama Bitutu, nywele zilinisimama, kwa maana zilikuwa ni gambuti zangu mimi mwenyewe! Mtu anaingia kwa boma yangu, anavaa gambuti zangu, anageuza gari yangu, anarudisha gambuti mahali pake. Huo ujasiri hata mimi sina. Wengine wangeanza kusema mambo ya giza, lakini mimi ni Msabato, maneno hayo sitaki.

Nikamuuliza mke wangu Eucabeth, alikuwa anasonga ugali.

"Mama Mose, hujaona mtu akizunguka hapa?"

"Mtu gani?"

"Mtu wa kugeuza gari."

Hakuinua hata uso. "Labda imezeeka ikajua njia yenyewe."

"Mimi sichezi. Huyu ni mwizi."

"Mwizi wa kukugeuzia gari na kukupangusia kioo? Baba Mose, huyo mimi ningemwekea chai."

Nikaona hapo sipati msaada, wanawake mambo ya magari hawayashiki moyoni. Nikaenda kwa rafiki yangu Onyiego ambaye ni fundi, akasikiliza yote akakuna kidevu, akasema, "Ongeri, kwani si ni wewe uliigeuza ukasahau?"

Nikamwambia haiwezekani.

"Haiwezekani kwa nini?"

Nikamwambia haiwezekani tu, tukaongea habari ya mvua.

Sasa kisu kimefika kwa mfupa, kwa sababu Linet anaolewa. Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu Angwenyi, mimi ndiye baba yake sasa, na ni mimi nitamtoa. Bwana harusi ni Ian, kijana mzuri wa huko Nyamira, anafanya kazi ofisini. Walitaka kukodi gari mpya zenye maua, Linet akakataa, akaja akanishika mkono mbele ya watu, akasema, "Baba mdogo, mimi naingia kanisani kwa ile nyeupe. Baba alikuwa anaipenda." Unafikiri ningesema nini? Nilisema ndiyo na machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Lakini nimelijua hilo kanisa. Liko kwa ncha ya mlima, barabara inapanda nyembamba kama mshipi, inafika kwa lango inakwisha, kushoto ni korongo, kulia ni ukuta, na nafasi ya kuzunguka hakuna, kila gari inatoka kinyumenyume mpaka kule kwa mikaratusi.

Na huko atakuwa shemeji yangu Makori, ndugu ya mke wangu, yule mwenye gari kutoka Japani inayomwonyesha nyuma kwa televisheni. Juzi ameniuliza mbele ya kamati ya harusi, "Shemeji, hiyo yako ya ukoloni ina kamera?" Nikamjibu, "Shingo yangu ndiyo kamera." Watu wakacheka, wakanipigia makofi, nikaketi. Lakini sahani yangu nikaisukuma kando.

Kwa hivyo naomba unishauri, nimtege huyu mtu, nimpeleke kwa chifu, ama nihamishe gari niifiche mpaka harusi ipite? Kinachonikosesha usingizi si gari, gari iko sawa kuliko zamani. Ni kwamba mtu huyu anajua. Hakuna mtu mwingine Kisii yote anajua, na yeye anajua, na siku ya harusi akifungua mdomo mbele ya Makori nimekwisha, na Linet nimemharibia siku yake. Tafadhali hii sehemu ya mwisho kama unasomea watu isome kwa sauti ndogo. Ule mtindo wa banda si wa Ulaya. Mbele mimi naenda kama mshale, lakini nyuma, nikigeuza kichwa, mikono nayo inageuka na njia yake. Mama Bitutu, nina magari manne, na sijui rivasi.

Ongeri wa Magari, Kiogoro

*

MAMA BITUTU ANAJIBU

Baba Mose, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mara ya pili sikucheka sana.

Kwa chifu usiende. Chifu ana kesi za mipaka na mbuzi, usimpelekee kesi ambayo mshtakiwa ndiye anayekupikia. Umepima nyayo, umepima kiti, umeokota hadi jani la chai, na bado hujaona? Nani mfupi kuliko wewe katika boma hilo? Nani huvaa gambuti zako akienda kuchuma majani, kwa sababu zake, nadhani, zilitoboka na wewe ukanunua vipuri? Ufunguo uko jikoni. Safari zako unazitangaza mezani, mbele ya mtu mmoja. Hata polisi wa kwenye michezo ya kuigiza angekuwa ameshamaliza kazi na kwenda nyumbani.

Ukaandika eti wanawake hawayashiki moyoni mambo ya magari. Nimelisoma hilo na nimelinyamazia, maana naona limeshakujibu lenyewe.

Sasa sikiliza vizuri. Unaogopa kwamba kuna mtu anajua siri yako. Jiulize amejua tangu lini. Mimi nadhani tangu siku ulipojenga banda lisilo na ukuta wa nyuma. Amelala na siri hiyo, ameenda nayo kanisani, ameketi nayo na ndugu yake Makori ambaye angelipa kuisikia, na hajaitoa. Mvua ilipoziba mlango wako, hakuja kukuambia, "Baba Mose, najua hujui." Alivaa gambuti akakugeuzia gari, akaweka mawe, akafuta kioo, kisha akarudi kusonga ugali. Wewe unamwita mwizi. Amekuibia nini? Amekuibia aibu, na hiyo ulikuwa unataka iibiwe.

Kosa lako si kutojua rivasi. Wako wengi, na wengine ni viongozi. Kosa lako ni kwamba umemuuliza Onyiego, umeniuliza mimi ambaye hunijui, na ukakaribia kumuuliza chifu, lakini yule wa nyumbani ulimuuliza swali la uongo. Ulimuuliza, "Hujaona mtu?" Hukumuuliza, "Ni wewe?"

Basi leo ukimaliza kusoma hapa, muulize. Na ukishamuuliza hilo, uliza la pili, ambalo hata mimi limenishika tangu asubuhi: alijifunza wapi? Kwenda mbele huenda aliiba kwako kwa macho, akiwa amekaa kiti cha abiria. Kurudi nyuma hakuiba kwako, hilo tumeshakubaliana. Kuna hadithi hapo, Ongeri, na kwa mara ya kwanza katika boma hilo hadithi si yako. Funga mdomo uisikie yote mpaka mwisho, usiongeze mto wala samaki.

Halafu mwombe akufundishe. Jumapili uwanja wa shule hauna watu. Simikeni vigogo viwili vya migomba, upitishe gari katikati kwa kurudi nyuma, polepole, mguu ukiwa kwenye klachi. Ukiangusha kigogo, ni kigogo tu, ng'ombe atakula. Kichwa kikikusumbua, tumia vioo vya pembeni. Udongo wa Thadeus uondoe pia, lakini baada ya kujifunza, si kabla, nimekujua sasa.

Na harusi ikifika kabla mikono yako haijatii, Eucabeth ndiye atashika usukani. Usininyooshee kidole, sijamaliza. Wewe ni baba wa bibi harusi siku hiyo, na mahali pa baba ni nyuma, karibu na binti, si mbele akipigana na gia. Linet aliomba gari ambalo baba yake alilipenda. Hakuomba dereva fulani. Makori akiuliza kamera iko wapi, mwonyeshe dada yake.

Pale kwenye lango, gari likisimama juu ya ule mteremko, shuka wewe wa kwanza na suti yako na ua lako kifuani, uiname mbele ya watu wote, uweke jiwe la Tabaka nyuma ya gurudumu. Liweke upande unaofaa, kama Eucabeth alivyokuwekea bandani. Yeye ataona, na ataelewa.