Mizani ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Sura ya tatu ya wasifu imekwisha! Nimeisoma kwa sauti jikoni, mdogo wangu akichambua mchele. Kasema huyo Bwana Nane alikuwa raha kumsoma na karaha kuishi naye. Nimeiiba sentensi hiyo, nimeitia ukurasa wa mwisho. Mwenyewe hajui bado.

Walimwita Bwana Nane kwa sababu alihesabu mizani kwa vidole popote alipo — foleni ya benki, msibani, hata daktari akimpima presha. Nane huku, nane kule. Diwani nne, na sijaona mshororo unaochechemea. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Na mabaya yake pia nimeyaandika. Alidanganya umri. Aliwasengenya washairi wenzake wakiwa kitandani wagonjwa. Alimwacha mkewe na watoto wawili miaka sita, kisa? Mke alimwambia mbele ya wageni kwamba mshororo wake mmoja una mizani tisa. Miaka sita kwa mizani moja!

Nina furaha. Tangu nistaafu usahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji sijaamka na hamu namna hii. Kalamu nyekundu iko nyuma ya sikio kama zamani.

Jumatano, 5 Machi
Mwana mkubwa wa marehemu Bwana Nane, daktari wa meno, kaja na boksi la miswada ya baba yake. Kanywa chai, kasoma kurasa mbili, kakunja uso. Anaomba nimlainishe mzee kidogo. Nimemwambia kilemba cha ukoka simvishi mtu, hasa asiyeweza kukivua. Akacheka bila kutaka.

Basi akaomba kitu kimoja tu: lile shairi la mlangoni nisiliguse. Nani aliguse? Watu wanalisoma harusini. Yeye mwenyewe kalibandika ukutani kliniki. Baada ya miaka sita baba yake aliliandika, likachapishwa kitabuni, akaenda nacho nyumbani, mke akamfungulia. “Mlangoni nimefika, nisamehe mke wangu.” Nane kwa nane. Sura yangu ya nne yote imeegemea hapo: mwenye kiburi alivyojishusha.

Jioni nimemaliza dibaji. “Katika miaka thelathini na moja ya kusahihisha, sikuwahi kumtia mwandishi neno mdomoni.” Naipenda hii. Nimeisoma mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Loh!

Nimelikuta shairi la mlangoni kwenye boksi, mwandiko wake mwenyewe, wino wa bluu. “Mlangoni nimefika, nimsamehe mke wangu.” Nimsamehe! Hakuja kuomba msamaha — alikuja kuutoa! Nimehesabu kwa vidole. Ni-m-sa-me-he-m-ke-wa-ngu. Tisa. Bwana Nane, tisa!

Na juu ya hiyo m, mstari mwekundu wenye kijimkia mwishoni kimejikunja. Nikaketi. Kiwandani wenzangu walikiita mkia wa panya. Hakuna mwingine aliyefuta herufi hivyo. Ni mimi.

Nimekumbuka yote. Ilikuwa Ijumaa pia, alasiri, mashine imeshawashwa, fundi kasimama mlangoni ananihimiza. Niliona tisa. Nikajiambia huyu hakosei hesabu, ni kalamu tu imeteleza. Sheria yetu ilikuwa moja: ukigusa maana, mpigie mwandishi simu. Sikupiga. Nilidhani nagusa mizani.

Kwa hiyo msamaha unaosomwa harusini niliuomba mimi, kwa niaba ya mtu asiyenituma! Na wale wawili wakaishi pamoja miaka ishirini na miwili zaidi. Nimecheka peke yangu. Kisha nikaona haya, nikafunga boksi, nikaenda kumenya viazi.

Jumamosi, 8 Machi
Sura ya nne nimeiandika upya. “Kwa kosa la chapa, herufi moja ilidondoka.” Nimemsomea mdogo wangu. Kauliza: hilo kosa la chapa lina mikono? Nikamwambia atazame jiko. Kalitazama, kisha kasema nyani haoni kundule. Ameshaiona ile karatasi, na mkia wa panya anaujua — barua zake za uchumba nilizisahihisha mimi.

Nimeudhika. Chakula kilikuwa kizuri lakini.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia simu mjane. Siwezi kuchapisha kabla hajajua. Lakini mama wa miaka themanini, nimpokonye msamaha alioombwa? Na nisipoandika, kitabu changu cha kweli kitakuwa na uongo katikati. Nikamwambia nina jambo kuhusu shairi la mlangoni. Kasema njoo Alhamisi, njoo na makaratasi yote, na usije umeshiba.

Ile sentensi ya dibaji bado ipo. Nimeitia kwenye mabano. Kuifuta, sijaifuta.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika hapahapa mezani kwake, nyuma ya ukurasa wa dibaji. Yeye kaenda jikoni. Niandike upesi nisisahau.

Nilimpa mswada. Akavaa miwani, akasoma, akahesabu kwa vidole. Akacheka mpaka akakohoa. “Tisa! Tena palepale!” Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, leso nimeikunja kabisa.

Kumbe alijua tangu siku ile ile! Alipofungua mlango, mume kasimama na kitabu mkononi, kavimba. Hata hujambo hakusema. Neno la kwanza: wamenikosea chapa. Akaeleza alivyoandika yeye. Mama akamjibu: “Aliyekukosea ana akili kukushinda. Ingia, au rudi ukawaambie warekebishe.” Mume akasimama pale muda mrefu, mama anasema, mpaka jirani akachungulia. Kisha akaingia.

Na kitabu kilichapwa tena mara ya pili, na ya tatu. Hakurekebisha.

“Huo ndio msamaha wake, dada,” kaniambia. “Kuomba hakuomba. Aliacha tu lisomeke hivyo.”

Leso ikanifaa mimi.

Niandike yote, anasema, na kiburi pia. Hasa kiburi, maana kilimgharimu. Mwanawe nimwachie yeye, atamtuliza. Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza.

Akachukua sura yangu ya nne, akaisoma polepole. “Herufi ilidondoka,” akarudia. “Herufi si jino bovu, ikadondoka yenyewe. Aliyeikata simwoni humu. Mwandike na yeye. Miaka yote hii natamani nimpe mkono.”

Nikainamia kikombe changu. Mimi! Niliyeyaandika madhambi ya mwenzangu kurasa mia moja na arobaini!

Halafu akausogeza ukurasa karibu na miwani. Asubuhi nilikuwa nimeipitisha kalamu kwenye sura hiyo, nikafuta herufi hapa na pale, kwa mazoea. Mikia ya panya imejaa pembeni. Akauangalia mmoja. Akauangalia mswada. Akaziweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu, akazinyoosha kwa kiganja. Kasema tu chai imepoa, anaongeza moto.

Nimeifuta ile sentensi ya dibaji. Nimeanza nyingine chini yake: “Ijumaa moja alasiri, bila kumpigia mwandishi simu, mimi” —

Anakuja. Birika kalishika mkono wa kushoto. Wa kulia kauacha mtupu.