Njia Inayopita Shambani kwa Watu

Kaka Seif, salamu kwako na kwa mama.

Hilo gofu la kanisa unaloliona kwenye picha ya kadi hii liko hapa kijijini, Uingereza, na njia ya kwendea inapita katikati ya shamba la mtu, karibu na dirisha la jiko lake. Mwenyeji wangu alisema kila mtu anaruhusiwa kupita. Mie nikapiga hodi getini, kimya, nikaingia hivyo hivyo.

Nikiwa katikati nikasikia kelele nyuma yangu. Mzee wa Kizungu anakuja mbio na fimbo, mbwa katangulia. Nikasimama, mikono juu, nikaanza kutamka shahada. Nilijiona nipo kwetu Kiwalani, nimezungukwa na nyie wa ulinzi shirikishi na virungu vyenu.

Alipofika akanyoosha ile fimbo kunionyesha mbele. Kumbe alikuja kunionya: dume la ng'ombe lilikuwa limesimama njiani, halina hata kamba. Akanizungusha pembeni mpaka kwenye gofu.

Kaka yangu kipenzi, mgeni akipita uani kwetu, kabla hujapuliza filimbi muulize anaenda wapi.

Dadako, Mwanahawa