Faili Inasema Mke Wangu Ni Mlevi

Mama Amito, mpendwa mshauri wetu, naomba unisaidie, maana mimi na mke wangu hatuelewani. Mimi ni fundi cherehani hapa Kasubi, Uganda, tulikimbia kutoka Butembo, na mke wangu Victoire ni mtu wa kwaya, pombe hajawahi kuionja, lakini mwaka jana alienda kliniki moja akiwa na kizunguzungu, anayumba, Kiswahili chake na cha daktari havikukutana, basi daktari akaandika kwenye faili kwamba ni mlevi, nasi hatukujua. Mwezi uliopita akaanguka sokoni, nikampeleka kwa boda kliniki ileile, wakafungua faili, wakamlaza kwenye benchi wakasema, "Mwache, pombe itamtoka," mimi nabishana, hakuna anayenisikia, naye mke wangu maneno yanampotea mdomoni, hadi muuguzi aliyeingia zamu akamchoma kidole, akapiga kelele, "Huyu sukari imepanda!" wakamtundikia dripu, wakamwokoa.

Alipopona hakutukana mtu. Alirudi kumshukuru yule muuguzi, halafu akamwendea daktari, akasema mbele ya watu, "Munganga, miye pombe sikunywake. Naomba neno hilo lirekebishwe." Karani akadakia, "Nyabo, mama, faili haifutwi." Victoire akasema, "Basi nitarudi." Tangu hapo namtazama nikishangaa, mtu mpole hivi moyo huo ameupata wapi, lakini sisi ni wakimbizi, dawa zake twachukua palepale, naogopa watatuona wakorofi, nimemwambia anyamaze, naye ananijibu, "Kakule, nikiletwa tena sijitambui, ni faili itakayonisemea." Nifanye nini?

Kakule, Kasubi

Kakule, poleni sana. Hofu yako naielewa. Aliyefika nchi ya watu hujifunza kuinamisha kichwa. Lakini unamnyamazisha mtu aliyeponea chupuchupu kwa sababu ya neno moja! Soma tena alichokujibu. Miaka yote ninayojibu barua, sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko mkeo.

Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa za watu inampa haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kuomba kosa lisahihishwe. Haki hiyo si ya raia peke yao. Karani alisema nusu ya ukweli: maandishi ya zamani hayafutwi, ila daktari anaweza kuandika sahihisho pembeni, akatia tarehe na sahihi. Basi andikeni barua fupi, mtaje kosa lenyewe, mwambatishe majibu ya kipimo cha sukari, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yule muuguzi mwombeni aandike alichokiona. Wakikataa, daini sababu kwa maandishi, mwende kwa mkuu wa kliniki. Naye akikataa, iko ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu, mlango wake uko wazi. Na dawa asiache hata siku moja mkingoja.

Ulimpigania alipokuwa hawezi kusema, na kwa hilo nakusifu. Sasa anaweza. Jumatatu nenda naye, na mkifika mbele ya daktari mwache aseme mwenyewe. Wewe simama ubavuni pake, usimvute mkono.

Mama Amito